Mtu wa Hatari

Bi Mariette alikula mkate wa mjukuu wake siku ya Jumatatu, akaula tena Jumatano. Ijumaa jioni mkaza mwanawe, Sidonie, alipolifungua kopo la binti yake na kukuta makombo, aliketi kwenye kiti cha jikoni na koti lake la kazini mwilini.

Kila nyumba pale Saint-Étienne ilikuwa na makopo kama hayo vuli ile, mwaka wa pili tangu Ufaransa ishindwe na Wajerumani. Mkate uliletwa asubuhi, ukapimwa, ukakatwa, ukatiwa makoponi, kila mmoja na kopo lake lenye jina lake. Watu waliokuwa wakila sahani moja miaka ishirini sasa walikuwa wakifunikiana vifuniko. Odile, mwenye miaka kumi na minne, serikali ilimpa gramu mia tatu na hamsini kwa siku. Mama yake, Sidonie, wa kiwandani, mia mbili sabini na tano. Bibi yake, kwa kuwa alipita sabini, mia mbili. Ndivyo walivyopiga hesabu mabwana wa serikali ya Vichy: mzee amekwisha kula vyake. Hakuna aliyewauliza mabwana hao wenyewe walikuwa na umri gani.

"Mama," alisema Sidonie, "nani kala mkate wa Odile?"

"Mkate upi?" Mama mkwe wake alikuwa amekaa karibu na dirisha, vidole vikifunga mafundo hewani. Miaka hamsini alifuma tepe za hariri kwenye mtambo uliosimama katika chumba hicho hicho, na kila uzi uliokatika aliuunga kwa vidole viwili bila kutazama. Mtambo ulikwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Vidole havikuambiwa. "Mimi sijatia kitu kinywani tangu Régis atoke kwenda dukani."

Régis hakuwa dukani. Mume wa Sidonie alikuwa mateka Ujerumani, mwezi wa kumi na saba sasa.

"Bibi, una makombo kidevuni," alisema Odile.

"Na wewe una ulimi kama mwiko."

Odile akacheka. Kisha njaa ikamkumbusha, akaacha kucheka. Sidonie akaukata mkate wake mwenyewe nusu kwa nusu, akamsogezea. Msichana alisema hataki. Akasema tena hataki, mkono umeshafika. Tangu Juni siku zake za mwezi zilikatika, na mwalimu wa shule aliwahi kumwita Sidonie kando kumwuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za ugonjwa wa aibu, kama binti huyu hupewa chakula nyumbani.

Wiki iliyofuata Bi Mariette alifungua gesi ya jiko, akaenda kutafuta kiberiti, akasahau alichokuwa akitafuta, akalala. Mama Berthéas wa ghorofa ya chini ndiye aliyenusa. Alipanda ngazi na upawa mkononi, akavunja kioo cha dirisha.

"Kioo nitakulipa vita vikiisha," alimwambia Sidonie aliporudi kazini. "Lakini huyu mama yako mkwe, shoga yangu, atatupeleka wote kwa Mungu bila kuagana."

*

Daktari Chomarat hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe wazi, maana watu wabaya wakiwa peke yao hawawezi kazi kubwa. Kazi kubwa huhitaji watu wazuri wanaoamini kile wanachoambiwa.

"Kuna nyumba ya wagonjwa wa akili kule uwandani," alisema. "Ina shamba lake, ina ng'ombe, ina viazi. Ni nyumba ya serikali, Bi Vialleton. Serikali, hata hii tuliyo nayo, haiwezi kuwalaza watu wake na njaa."

"Nitalipa kwa fedha gani, daktari? Hariri hakuna. Kiwanda kinatuita siku tatu kwa wiki."

"Njia ni mbili. Ukimpeleka kwa hiari yako, utalipa kila mwezi. Nikiandika kwamba ni hatari kwa watu, mkuu wa mkoa atatoa amri, na mkoa utalipa. Alifungua gesi, sivyo?"

"Alisahau tu."

"Alisahau, na jengo lingelipuka. Tofauti ni ya kalamu."

"Mama mkwe wangu hawezi hata kumchinja kuku."

"Kuku mwenyewe yuko wapi," alisema daktari.

Wakacheka wote wawili. Ndani ya kicheko hicho kalamu iliandika: mgonjwa ni hatari kwa usalama wa umma. Sidonie akatia saini chini yake kama shahidi. Alipokuwa akishuka ngazi alifikiri, na Mungu amsamehe kama ana wakati, kwamba amefanya biashara nzuri. Mzee atakunywa maziwa. Odile atakula mkate wake. Na hakuna atakayedai kitu.

Walikuja wanaume wawili na gari linaloendeshwa kwa moshi wa mkaa. Mmoja alidai kadi ya mgao kabla hajasalimu.

"Kadi yake pia?"

"Kadi huandamana na tumbo, bibie. Au ulitaka tumbo liende na kadi ibaki?"

Sidonie alihisi uso ukiwaka, maana kwa nukta moja, ndiyo, alikuwa amelifikiria hilo.

Bi Mariette alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka. "Tunakwenda harusini?" aliuliza.

"Unakwenda mashambani, Mama. Kupumzika."

"Nani atapika?"

"Wapo wa kupika."

"Basi waambie wasitie chumvi nyingi," alisema kikongwe, akampa yule mwanamume mkono, kama mwanamke aliyezoea kuheshimiwa, naye mwanamume akaupokea.

*

Karatasi za kuwaandikia mateka zilikuwa na mistari iliyochapwa tayari, wala huwezi kuandika zaidi ya mistari hiyo. Sidonie alishukuru kwa ufupi wake. *Mama hajambo*, aliandika. *Yuko mashambani, kuna maziwa.* Mstari mmoja na nusu. Akajaza iliyobaki kwa habari za Odile.

Na nyumba ilitulia. Asisingiziwe mtu hapa: ilitulia kweli. Gesi ilikaa imefungwa. Makopo mawili yalikaa rafuni bila kuchunguzana. Odile alihamia kitanda cha bibi yake, akalala kwa kunyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Jumapili moja walipata sungura nusu kwa binamu wa Sidonie, wakala wawili, wakafuta sahani kwa viazi, na Odile akaimba. Sidonie alimtazama akaona mashavu yakirudi. Raha ile ndiyo ingekuja kumtafuna baadaye kuliko huzuni yoyote.

Ruhusa ya kumwona mgonjwa ilifika Desemba. Alipanda treni na mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha jibini na mkate wa siku mbili aliojinyima. Kutoka stesheni alitembea saa nzima juu ya theluji. Aliliona shamba. Lilikuwepo, daktari hakudanganya: zizi refu, rundo la samadi likitoa mvuke. Sidonie aliiona samadi ile akafurahi.

Wodini hakumtambua mama mkwe wake. Alipita mbele ya kitanda chake mara mbili. Vilikuwa vitanda sitini chumbani mwa thelathini, na kila kitanda kilikuwa na kikongwe yule yule: macho makubwa, meno yaliyorefuka, miguu iliyovimba kama magogo chini ya mwili wa ndege. Vilivyomtambulisha ni vidole. Vilikuwa vikifunga mafundo, vikinyofoa nyuzi za blanketi na kuziunga.

"Mama."

"Wewe ni wa kwetu?"

"Sidonie. Mke wa Régis."

"Régis alioa?" Kisha akaliona furushi, na uso ukabadilika, ukawa uso ambao Sidonie hakuwahi kuuona kwa binadamu, kwa mbwa wa jalalani tu.

"Usimpe hapa," alisema mwuguzi nyuma yake, mwanamke mpana aliyejiita Noëlie. "Wenzake watamvunja vidole. Njoo naye hapa kwenye kijichumba cha mashuka, nifunge mlango."

Humo ndani, Bi Mariette alikula yai na ganda lake. Sidonie alijaribu kumchukulia la pili ili alimenye, akaumwa mkono.

"Wanakula nini?" alimwuliza mwuguzi.

"Maji ya kabichi mchana. Jioni maji yale yale, kabichi imeshatoka."

"Na shamba? Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wapo. Maziwa yanakamuliwa alfajiri, saa moja yameshaondoka na lori. Mimi silijui lori ni la nani." Noëlie aliona Sidonie akitazama mfuko wa aproni yake, uliojaa maganda ya viazi. "Usinitazame hivyo, dada. Nina watoto watatu. Hawa wagonjwa wana kadi tu, na kadi hailiwi. Walio nje hununua kichochoroni, huenda kwa binamu, huiba. Aliyefungiwa humu anakula kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi, tena kikipungua njiani. Ukila hicho tu, unakufa. Ni suala la miezi."

"Wangapi?"

"Wiki hii, humu kwangu, kumi na mmoja. Daktari anaandika moyo." Alishusha sauti. "Mchukue. Wenye hiari, jamaa hutia saini wakaondoka nao siku hiyo hiyo. Wako aliingia kwa njia ipi?"

Sidonie alimwambia.

"Ah," alisema Noëlie. "Mtu wa hatari."

Bi Mariette alikuwa amemaliza mayai na jibini. Mkate alikula nusu, na nusu alikuwa akiusokota ndani ya nguo, kifuani. Kwa mara ya kwanza macho yake yalitulia juu ya uso wa mkaza mwanawe.

"Huu mpelekee mtoto," alisema. "Nilikula mkate wake. Ndiyo maana nimefungwa. Waambie polisi nimeurudisha."

*

Ofisi ya mkoa ilikuwa na dirisha moja lililofunguliwa kati ya matano. Sidonie alisimama mbele yake mara tatu mwezi wa Januari, kila mara kwa gharama ya siku moja ya kazi kati ya zile tatu. Karani alikuwa kijana mwenye koo jembamba na soksi za kutiwa viraka. Njaa ilikuwa imempitia hata yeye. Lakini alikuwa amekaa na Sidonie amesimama, na tofauti hiyo humnenepesha mtu.

"Unaomba atolewe. Humu imeandikwa ni hatari kwa usalama wa umma. Shahidi ni nani? Sidonie Vialleton. Huyo si wewe?"

"Ni mimi. Nilisema alifungua gesi."

"Na sasa unasema si hatari."

"Ana miaka sabini na mitatu. Amebaki kilo thelathini."

"Nakuuliza jambo moja tu, bibie. Uliidanganya serikali wakati ule, au unaidanganya sasa?"

Nyuma yake foleni ilicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka karani awapende. Sidonie alishika ukingo wa dirisha.

"Wakati ule," alisema.

"Basi nashukuru kwa ukweli wako. Lete cheti cha daktari wa kule kwamba hatari imekwisha. Na lete uthibitisho wa ofisi ya mgao kwamba atakuwa na kadi akirudi, maana hatuwezi kumtoa mtu tukamlaze na njaa."

Alisema hivyo hasa. Hakuwa akitania.

Ofisi ya mgao ikasema kadi iko kule alikolazwa, na haiwezi kuhamishwa kabla mwenyewe hajahama. Sidonie akarudi dirishani. Karani akasema hawezi kuhama kabla kadi haijahama. Sidonie akaenda tena ofisi ya mgao, na mara hii hakuomba. Alikaa chini, sakafuni, mbele ya kaunta, na koti lake na mkoba wake, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kukaa sakafuni ni kazi ya walevi. Watu walimruka. Saa kumi na moja mkuu wa ofisi alitoka akivaa kofia, akamkuta, akaona haya, akaandika mistari miwili.

Cheti kilikuwa rahisi. Alipanda tena treni, akamsubiri daktari wa wagonjwa uani. Madaktari walikuwa wawili kwa wagonjwa mia tisa. Yule aliyetoka alikuwa mrefu, amevaa glavu zilizotoboka, na alikuwa na rundo la karatasi za tanzia zenye ukingo mweusi kwapani.

"Hatari?" alisema. "Bibi, humu ndani hakuna hata mmoja aliyebakiwa na nguvu za kuwa hatari." Akatia saini juu ya goti lake, palepale uani. "Nenda upesi. Nimemwandikia waziri mara tatu. Nenda wewe, labda watakusikia wewe."

Siku hiyo hakuruhusiwa kuingia wodini, haikuwa siku ya kuona wagonjwa. Noëlie alilipokea furushi mlangoni. Sidonie alitaka kumwamini. Alilitazama likiingia ndani mpaka mlango ukafungwa.

Amri ya mkuu wa mkoa ilichukua siku ishirini na sita kutoka meza moja hadi meza ya pili katika jengo hilo hilo. Odile aliosha shuka za kitanda cha bibi yake, akazianika, akarudi kulala na mama yake. Hakuagizwa na mtu. Na kila jioni alichukua kisu, akakata kipande cha mkate wake, akakikausha juu ya jiko, akakiweka kwenye mtungi wa chumvi uliokuwa mtupu. "Wa kuanzia," alisema. "Akija asisubiri foleni."

Hati ilipotoka ilikuwa na mihuri miwili na saini ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Ilikuwa Alhamisi. Sidonie hakwenda kazini. Alikodi kiti cha magurudumu kwa parokia, akakipakia kwenye treni, akakisukuma saa nzima juu ya theluji iliyoanza kuwa tope.

Bawabu aliisoma amri, akafungua daftari, akapitisha kidole chini.

"Vialleton Mariette. Jumatatu."

"Jumatatu nini?"

"Barua iko njiani, bibi. Tunachelewa na bahasha, hakuna karatasi." Akamgeuzia daftari, maana watu wengine hawaamini mpaka waone. *Udhaifu wa moyo.* Juu yake palikuwa na majina sita ya siku ile, na chini yake manne, na yote kumi na moja yalikuwa na moyo dhaifu. Watakuja watu siku moja kuhesabu wafu wa vita vile, watahesabu walioanguka kwa risasi na waliopelekwa na treni kambini, na ni haki yao wahesabiwe. Lakini wakifungua daftari kama lile watakuta maradhi ya moyo tu. Hakuna aliyekufa njaa Ufaransa. Imeandikwa.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya zizi. Kuna vijiti vyenye namba. Wake…" alitafuta. "Mia mbili na nane. Hati hii niachie, lazima irudi mkoani."

Alirudi stesheni na kiti kitupu. Magurudumu yalikuwa mepesi, yakampita mbele kwenye mteremko.

*

Odile alikuwa mezani. Alikitazama kiti, akamtazama mama yake, na hakuhitaji kuambiwa.

"Mimi ndiye niliyesema ana makombo kidevuni," alisema baadaye.

"Alipelekwa kwa sababu ya gesi."

"Mama, mimi si mtoto."

"Alipelekwa kwa sababu ya gesi," alisema Sidonie. "Utasema hivyo. Baba yako akirudi, utasema hivyo." Na kwenye karatasi yenye mistari iliyochapwa aliandika kwamba Mama alifariki usingizini bila maumivu, moyo. Mistari ilitosha.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya muuza mboga ilikuwa imeshazunguka kona. Ilisemekana kuna kabichi za mifugo, labda na karoti. Wanawake walimpa pole kwa zamu, wengine kwa mkono, wengine kwa kichwa, bila kuacha nafasi zao. Moyo, alisema Sidonie. Moyo, ndiyo. Walitikisa vichwa: umri huo, ni kama mshumaa.

Mama Berthéas alikuwa nyuma yake. Alisubiri wengine wageuke.

"Shoga yangu, nisamehe kukuuliza leo. Ni baba yangu. Tangu Krismasi hajui usiku wala mchana. Jana alikula sabuni. Watoto wananitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye ninayekula chakula chao." Alikuwa mwanamke wa kelele, na sasa sauti yake ilikuwa kama uzi. "Daktari Chomarat anasema kule uwandani. Anasema kuna karatasi ya kuandika, na hulipi kitu. Wewe umefika kule. Umeona kwa macho yako. Niambie kweli: wanapewa chakula?"

Wanawake arobaini, migongo yote ikisikiliza. Walikuwa wamekwisha kumpa pole. Walikuwa wameshika mkono wake.

Sidonie alifungua kinywa. Aliliona daftari, aliviona vijiti. Aliona pia uso wa kila mmoja wao utakavyogeuka, taratibu, mmoja baada ya mwingine, akisema ni nini alichokwenda kukitia saini, na kwa nini. Na Odile akipita mbele ya nyuso hizo kwenda shule kesho, na keshokutwa, na siku zote za vita.

"Wanapewa," alisema.

"Mungu akubariki," alisema Mama Berthéas, akaanza kulia kwa nafuu, akafuta pua kwa nyuma ya mkono.

Mlango wa duka ukafunguliwa, foleni ikasogea hatua mbili, nao wakasogea nayo.